Kituo cha mbali kisichukue amri za kituo kikuu

Anayetaka kunakili bekapu zake (nakala za akiba za data) kwenda kituo cha pili mara nyingi huniuliza ni programu ipi nzuri. Mimi humrudisha nyuma kidogo kwa swali: mtu akiingia usiku kwenye seva yako kuu akiwa na nenosiri la msimamizi, ataweza kufuta na nakala ya mbali bila kutoka hapo alipo? Kama ataweza, kazi bado haijaisha, hata kama vituo vyako vimetengana kilomita elfu moja. Karibu kila nitakachoeleza hapa chini, kuanzia hesabu za laini hadi amri zenyewe, kinatokana na swali hilo.

Mimi ni msimamizi wa mifumo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni bekapu: kuzitengeneza, kuzihamisha, kuzirejesha. Vituo ninavyovisimamia nitaviita kwa majina ya seva zake. Cha kwanza ni mkuu, penye mifumo ya kila siku pamoja na hifadhi ya bekapu. Cha pili ni mbali, penye nakala ya hifadhi hiyo. Ndani yake mna hifadhidata ya mishahara, nyaraka zilizoskaniwa za miaka mingi, na seva pepe kadhaa. Jumla ni terabaiti tisa. Wewe unaweza kuwa na mia moja au nusu. Njia haibadiliki sana.

Utengano

Watu huanza na ramani, na ni sawa. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la SBG2 la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, ukaunguza sehemu ya jengo la jirani, na majengo mengine ya uwanja huohuo yakazimwa. Walikuwapo wateja ambao bekapu zao zilikuwa palepale, zikaungua pamoja na data. Tarehe 26 Septemba 2025 moto uliotokana na betri za lithiamu katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon uliangamiza G-Drive, hifadhi ya nyaraka za watumishi wa umma yenye terabaiti 858. Haikuwa na nakala nje ya kituo. Jengo la pili ndani ya uzio mmoja, kwa hiyo, usilihesabu kuwa kituo cha pili. Moto, mafuriko na hitilafu ya umeme haviulizi ukuta wa nani.

Wengine huogopa umbali kwa sababu ya kuchelewa kwa mtandao. Ndani ya fiba mwanga husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 huongeza milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Hifadhidata inayosubiri kituo cha pili kikiri kila andiko kabla ya kuendelea itazihisi milisekunde hizo, ndiyo maana urudufishaji wa aina hiyo hufanyika kwa umbali mfupi. Bekapu hakuna anayeisubiri. Ikifika saa mbili baadaye hakuna kilichoharibika. Basi usijibane, peleka mbali kadiri bajeti na usafiri wa mafundi wako unavyoruhusu.

Lakini kilomita ni nusu tu ya utengano. Nusu ya pili ni akaunti. Juni 2017 virusi vya NotPetya vilipoingia kwenye mtandao wa kampuni ya meli ya Maersk, seva zilizoshika akaunti za watumiaji zilifutika katika vituo vya nchi nyingi, ingawa zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe. Ilipona moja, iliyokuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva ikawa nje ya mtandao wakati ule. Kunakiliana kwao kulikuwa kinga dhidi ya diski kufa. Dhidi ya adui aliyekwisha kuingia ndani hakukuwa kinga ya chochote.

Kwa hiyo mbali haitumii akaunti za mtandao wa mkuu. Ina watumiaji wake, manenosiri yake, na uthibitisho wake wa hatua mbili. Haifikiki kutoka mkuu hata kidogo: ngome yake ya mtandao inakataa kila muunganisho unaoanzia huko. Majina ya seva inayoyahitaji yameandikwa ndani yake yenyewe, ili DNS ya mkuu (huduma inayogeuza majina kuwa anwani) ikifa isiivute nayo. Na mtoa huduma wake wa intaneti ni mwingine.

Waulize wenye data

Kuna vipimo viwili ambavyo wenye fani huviita RPO na RTO. Cha kwanza ni kiasi cha kazi mnachokubali kipotee, cha pili ni muda mnaoweza kukaa bila mfumo. Usijipangie mwenyewe, na usiwaulize watu kwa vifupisho hivyo, maana kila mtu atajibu "sifuri". Uliza hivi: "Tukipoteza kazi yote ya tangu jana jioni, mtaweza kuiingiza upya kwa mkono? Kutoka kwenye karatasi zipi?"

Nilipowauliza hivyo watu wa mishahara, walisema siku moja haiwasumbui, kwa sababu fomu zilizosainiwa zipo kwenye majalada. Watu wa nyaraka walijibu tofauti: karatasi ikishaskaniwa hurudishwa kwa mwenyewe, na haipatikani tena. Kwao saa moja ni nyingi. Jibu hilo moja ndilo lililopanga ratiba yangu yote. Nyaraka huvutwa kila baada ya dakika kumi na tano, mengine yote mara moja kwa usiku.

Hesabu ya laini

Usiamini kasi iliyoandikwa kwenye mkataba. Ipime kwa iperf3, mchana na usiku, pande zote mbili:

iperf3 -c mkuu -t 60
iperf3 -c mkuu -t 60 -R

Tuseme laini ni ya megabiti 100 kwa sekunde, na unaruhusiwa kutumia asilimia 70 ili wengine nao wafanye kazi. Hiyo ni megabaiti 8.75 kwa sekunde, au gigabaiti 31.5 kwa saa. Badiliko la siku likiwa gigabaiti 60, litapita kwa muda usiozidi saa mbili. Vizuri. Sasa chukua terabaiti zote tisa uzigawanye kwa kasi ileile: unapata saa 286, karibu siku 12 mfululizo.

Hizo siku 12 zitazame mara mbili. Mara ya kwanza ni kwenye upakiaji wa mwanzo, na wengi hulitambua hilo. Mara ya pili ni siku ya maafa, data zinapotakiwa kurudi kupitia laini hiyohiyo. Ukimwambia mkurugenzi kwamba mtarudi kazini ndani ya siku mbili huku laini yako inahitaji 12, umempa ahadi usiyoweza kuitimiza. Njia ni mbili: ama mifumo iwashwe kulekule mbali, data zilipo, ama diski zibebwe kwa gari. Amua sasa, wakati hakuna anayepiga kelele.

Kuna kikwazo kingine kinachojificha. Laini ya megabiti 100 yenye milisekunde 40 za kwenda na kurudi hubeba kilobaiti 500 zikiwa njiani kwa wakati mmoja. Dirisha la TCP, yaani kiasi ambacho mtumaji hutuma kabla ya kusubiri jibu, likibaki kilobaiti 64, kwa mfano kwa sababu kifaa fulani cha katikati kinazuia lisipanuke, hutavuka megabiti 13 kwa sekunde hata ukiongeza malipo ya laini mara kumi. Kama iperf3 ya mkondo mmoja inatoa namba ndogo lakini ukiongeza -P 8 (mikondo minane kwa pamoja) inapanda sana, tatizo ni hilo, na dawa yake iko kwenye ruta na ngome ya mtandao.

Punguza kabla ya kutuma

Hapa ndipo pana faida kubwa, na ndipo watu hupapita haraka. Hifadhidata yetu ya mishahara ikimwagwa nzima kwenye faili ni gigabaiti 180. Kilichobadilika kwa siku ndani yake hakifiki gigabaiti tatu. Ukiandika faili jipya kila usiku, mfumo wa hifadhi unaona gigabaiti 180 mpya, nazo zote zinaingia kwenye laini. Ukilibana kwa gzip, programu ya kupunguza ukubwa wa mafaili, ni vibaya kwa namna nyingine: herufi chache zikibadilika mwanzoni mwa faili, karibu kila kinachofuata hutoka tofauti, hata programu yenye akili ya kutafuta vipande vilivyojirudia haioni kitu.

Ninavyofanya: hifadhidata inamwagwa bila kubanwa, inaingia moja kwa moja kwenye restic, programu yetu ya bekapu. Restic hukata data vipande kwa kufuata yaliyomo, hutunza vipande vipya tu, huvibana, kisha huvisimba, yaani huvifanya visisomeke bila ufunguo. Mpangilio huo una maana. Kubana kunatangulia kusimba, kwa kuwa data iliyokwisha kusimbwa haibaniki. Borg, programu nyingine ya bekapu, nayo hufanya kazi kwa mtindo huohuo. Kwa Postgres, aina ya hifadhidata tunayotumia, mwagiko wenyewe ni huu:

pg_dump -Fc -Z0 mishahara | restic backup --stdin --stdin-filename mishahara.dump

Ukiuweka mstari kama huo ndani ya skripti ya bash, weka "set -o pipefail" juu kabisa. Bila hilo, pg_dump inaweza kufa katikati, restic ikahifadhi nusu ya faili, na skripti ikaripoti kwamba mambo yamekwenda vizuri.

Tahadhari ndogo: siku unayoendesha "restic prune", amri ya kuondoa vipande visivyohitajika tena, mafaili mengi yanayobeba vipande huandikwa upya, na siku hiyo laini itabeba mzigo mkubwa kuliko kawaida. Mimi huiweka mwisho wa juma.

Upakiaji wa kwanza

Usipitishe terabaiti tisa kwenye laini. Peleka mashine ya mbali pale ilipo mkuu, ziunganishe kwenye swichi moja, zinakiliane. Kwa diski na swichi zinazopitisha megabaiti 400 kwa sekunde, terabaiti tisa humalizika kwa muda wa saa sita na ushei. Kisha zima, funga vizuri, safirisha. Data zimesimbwa tayari, hivyo mashine ikiibwa njiani mwizi atapata vyuma tu. Ikifika, washa na uendeshe "zpool scrub akiba" (husoma na kuhakiki data zote; akiba ni jina la hifadhi ya mbali) kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu diski hazipendi mitikisiko ya barabara.

Vuta, usisukume

Hifadhi zote mbili ziko juu ya ZFS, mfumo wa kupanga na kulinda data kwenye diski. Sababu kubwa ni snapshoti: picha ya data kwa wakati mmoja, isiyoweza kuandikwa juu yake, na inayojua ni vitalu gani vimebadilika tangu picha iliyotangulia. Hakuna haja ya kupekua mamilioni ya mafaili kutafuta tofauti.

Mbali ndiyo inayokwenda kuchukua. Kwenye mkuu kuna mtumiaji mvutaji, aliyepewa ruhusa hizi pekee:

zfs allow mvutaji send,hold,release hifadhi/restic

Hana ruhusa ya kufuta wala ya kuandika. Na ufunguo wake wa SSH (njia salama ya kuendesha amri kwenye seva nyingine) umefungwa ndani ya faili la authorized_keys:

restrict,command="/usr/local/sbin/toa-nakala" ssh-ed25519 AAAA…

Yaani hata ukiibwa, ufunguo huo haufungui ganda la amri. Unaendesha skripti ya toa-nakala tu, nayo inakagua ombi lililoletwa na kukubali aina chache za zfs send, hold na release. Neno restrict linazima vichuguu na mengine yote kwa mkupuo.

Kwenye mbali, matayarisho ni mistari miwili:

zfs create akiba/mkuu
zfs set readonly=on akiba/mkuu

Mara ya kwanza:

ssh mvutaji@mkuu zfs send hifadhi/restic@siku1 | zfs receive -s -u akiba/mkuu/restic

Usiku unaofuata, na kila usiku baada ya hapo:

ssh mvutaji@mkuu zfs send -I @siku1 hifadhi/restic@siku2 | zfs receive -s -u akiba/mkuu/restic

Herufi -I kubwa huleta na snapshoti zote za katikati. Alama -u inazuia hifadhi isifunguliwe upande wa mbali, na -s inahakikisha kwamba laini ikikatika hutaanza upya. Ikikatika, soma tokeni, endelea ulipoishia:

zfs get -H -o value receive_resume_token akiba/mkuu/restic
ssh mvutaji@mkuu zfs send -t TOKENI | zfs receive -s -u akiba/mkuu/restic

Snapshoti ipigwe bekapu ikishamaliza. Skripti ya restic ikifanikiwa ndiyo inayopiga snapshoti. Ikishindwa haipigi, na kukosekana kwake ndiko kutakakowasha kengele upande wa pili.

Sasa nisimame kwenye herufi moja. Mifano mingi ya zfs receive huwekwa -F ili "isigome", na zfs send huwekwa -R ili ichukue kila kitu. Ukiziweka pamoja kwenye utumaji wa nyongeza, ZFS itafuta upande wa mbali kila snapshoti ambayo haipo tena kwenye mkuu. Hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye mwongozo wake, na kwa mtu anayetaka vituo viwili vifanane kabisa ni tabia nzuri. Kwetu ni sumu. Adui akifuta snapshoti za mkuu saa nane usiku, kufikia saa tisa mbali itakuwa imefuta za kwake kwa utiifu, na logi itasema mafanikio. Bila -F, receive hugoma inapoona mambo hayalingani. Kugoma huko kuache. Binadamu aamke, atazame kuna nini.

Kwa kuwa utumaji wa nyongeza unahitaji snapshoti moja iliyopo pande zote mbili, ishikilie isifutwe na usafishaji wa kawaida wa mkuu:

zfs hold mbali hifadhi/restic@siku2

Ikishapokelewa inayofuata, achilia ya zamani kwa zfs release.

Asiye na ZFS anaweza kufika palepale kwa njia nyingine. Rest-server ya restic ina chaguo la --append-only, ambapo mteja anaongeza tu na hawezi kufuta. Hifadhi za vitu za wingu (object storage) zina kufuli ya muda. Ikiwekwa katika hali yake kali zaidi, hata mwenye akaunti hawezi kufuta kabla ya tarehe. Ila wingu lote la mtoa huduma mmoja lihesabu kama kituo kimoja. Mei 2024 mazingira ya UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia, yalifutwa ndani ya Google Cloud, kwa taarifa ya pamoja ya pande hizo mbili katika maeneo yote mawili yaliyopangwa kulindana, na bekapu zilizokuwa kwa mtoa huduma mwingine zikasaidia kuyarejesha.

Muda wa kutunza

Mbali inatunza kwa ratiba yake, na ndefu kuliko ya mkuu: snapshoti za siku 30, za wiki 12, za miezi 12. Virusi vya kudai kikombozi vinaweza kukaa kimya kwa wiki kadhaa kabla ya kujitokeza, na nakala ya siku saba zilizopita inaweza kuwa tayari imebeba ugonjwa.

Skripti ya kusafisha ina sharti moja ambalo ningeomba kila mtu aliweke: kama snapshoti mpya kuliko zote ina umri unaozidi siku mbili, usifute chochote. Bila sharti hilo, mtiririko ukikatika bila mtu kujua, usafishaji utaendelea kula za zamani hadi mwisho. Mtakuja kukuta ghala tupu lenye ratiba nzuri.

Ukimya ndio habari mbaya

GitLab, kampuni ya huduma za kutunza msimbo wa programu, waliandika wazi yaliyowapata tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi alifuta saraka ya hifadhidata kwenye seva isiyokusudiwa. Walipozikimbilia bekapu zao za pg_dump hawakukuta kitu, kwa sababu toleo la pg_dump lilitofautiana na la hifadhidata na kazi ilikuwa ikishindwa. Barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa na seva ya barua. Wakaokolewa na snapshoti iliyopigwa kwa mkono karibu saa sita kabla, kwa shughuli nyingine. Ninawaheshimu kwa kusema yote hadharani; wengi wetu tumepanga mifumo yetu upya kwa kusoma taarifa ile.

Usitegemee ujumbe wa kushindwa. Mashine iliyokufa haitumi barua. Pima umri: kutoka mahali pa tatu, nje ya vituo vyote viwili, uliza mbali snapshoti yake mpya ni ya lini. Ikizidi saa 26, simu iite. Saa 26 badala ya 24 kwa sababu kuna usiku ambao kazi huchelewa kidogo, na kengele inayolia bure huzoeleka upesi.

Pima na ukubwa. Kila asubuhi naona gigabaiti ngapi zimeingia. Kawaida yetu ni 60. Zikishuka hadi mbili, kuna mfumo umeacha kuchelezwa. Zikiruka hadi 900, ama mtu amehamisha data nyingi, ama kuna kitu kinasimba mafaili yetu kwa ufunguo usio wetu. Namba hiyo moja huweza kutoa onyo kabla ya mtumiaji yeyote kulalamika.

Jaribio la kurejesha

Kila mwezi huchaguliwa mfumo mmoja, kwa zamu, urejeshwe kulekule mbali huku laini ya kwenda mkuu imekatwa kabisa. Kukata laini ndiyo roho ya jaribio. Hapo ndipo unagundua kwamba leseni ya programu huhakikiwa na seva iliyoko mkuu, kwamba mwongozo wa kurejesha umehifadhiwa kwenye tovuti ya ndani iliyoko mkuu, na kwamba nenosiri la restic liko ndani ya kabati la manenosiri lililoko, tena, mkuu.

Nenosiri la restic likipotea hakuna mlango wa nyuma. Letu limeandikwa kwenye karatasi, ndani ya bahasha mbili zilizofungwa kwa lakiri, katika majengo mawili tofauti, na watu wawili wanajua zilipo. Pamoja nalo kuna mwongozo uliochapishwa, mchoro wa mtandao na namba za simu.

Anayefanya jaribio si mimi niliyeujenga mfumo. Ni mwenzangu, akiwa na karatasi ile tu mkononi, nami nakaa pembeni nikiandika mahali anaposita. Anapiga kloni ya snapshoti, anairuhusu iandikike, anafungua:

zfs clone -o readonly=off akiba/mkuu/restic@siku2 akiba/jaribio
restic -r /akiba/jaribio restore latest --target /rejesho

Kloni inaiacha nakala yenyewe bila kuguswa. Kisha hifadhidata inawashwa kwenye mashine tupu, na mtu wa mishahara anaitwa. Namwomba atafute ingizo la mwisho alilofanya jana kabla ya kuondoka, jina, kiasi na saa. Akiliona, tunaandika muda uliotumika tangu mwanzo. Akikosa, jaribio limefeli, hata kama kila amri ilirudi na sifuri, alama ya mafanikio. Mara moja kwa robo mwaka pia tunaendesha "restic check --read-data-subset=10%", na zpool scrub kila mwezi pande zote mbili, kwa kuwa diski huoza polepole bila kutoa sauti.

Siku yenyewe

Jambo la kwanza siku ya maafa ni kusimamisha uvutaji na usafishaji kwenye mbali. Kabla ya mikutano, kabla ya kujua chanzo. Kama ni moto hupotezi kitu. Kama ni uvamizi, umezuia uchafu usiingie na muda wa kutunza usiendelee kula nakala safi. Amri hiyo anaweza kuitoa yeyote kati ya watu wawili walioandikwa kwenye karatasi, bila kuomba ruhusa.

La pili ni kuchagua snapshoti. Katika moto unachukua ya mwisho. Katika uvamizi unarudi nyuma, unafungua kloni za siku tofauti kwenye mtandao uliotengwa, unatafuta siku ambayo mafaili bado yanasomeka na akaunti ngeni bado hazijatokea. Hapa ndipo namba zile za kila asubuhi husaidia: siku zilipopanda ghafla ndipo pa kuanzia kutafuta.

Mifumo huwashwa kwa mpangilio uliokwisha kuandikwa. Kwetu akaunti za watumiaji hutangulia, kisha hifadhidata ya mishahara, kisha nyaraka, kisha mengine. Nyaraka zingeweza kutangulia kwa umuhimu, lakini programu yake haiwaki bila akaunti, na hilo tulilijua kwa majaribio.

Mara mbali inapoanza kubeba kazi za kila siku, data mpya zinazozaliwa pale hazina nakala popote. Zipatie nakala siku hiyohiyo, hata kama ni diski mbili za nje zinazobadilishana kila jioni na kuondolewa kwenye jengo. Mkuu ikijengwa upya, mwelekeo unageuka: sasa yenyewe ndiyo inayokuja kuvuta kutoka mbali, kwa mtumiaji mpya na ufunguo mpya, maana vya zamani havifai kuaminiwa tena. Upakiaji mkubwa nao utapita kwenye swichi moja kama ule wa kwanza. Uhamisho wa kurudi tunaufanya usiku wa mwisho wa juma: tunafunga watumiaji, tunavuta nyongeza ya mwisho, tunalinganisha idadi ya safu kwenye kila jedwali pande zote mbili, ndipo tunabadilisha DNS. Snapshoti ya mbali ya usiku huo huwekewa hold, na haiachiliwi hadi mkuu imalize mzunguko mmoja mzima wa mishahara bila tatizo.